Kazi Inaweza Kwisha: Je, Utaondoka na Nini?

Huenda wewe ni mkulima. Huenda una mtoto anayefanya kazi mjini, mgodini au kiwandani. Huenda wewe mwenyewe unapokea mshahara kila mwezi. Vyovyote ulivyo, makala haya yanakuhusu.

Watu wengi hupanga maisha yao kwa kutegemea kazi ya mshahara. Kwa mshahara huo huoa, hujenga, hukopa na husomesha watoto. Hilo si kosa. Mshahara ni msaada mkubwa. Lakini mwenye mfuko wa mshahara ni mtu mwingine. Yeye akisimama, mshahara nao unasimama.

Siku hiyo ikifika, mfanyakazi hupewa barua. Barua husema kwamba wafanyakazi wanapunguzwa. Haisemi kwamba yeye ni mvivu au mwizi. Inasema tu kwamba kazi imekwisha.

Leo tunataka tujiulize pamoja swali moja: siku kazi itakapokwisha, utaondoka na nini?

BARUA ILIYOFICHWA

Tuanze na mfano. Watu tutakaowaeleza ni watu wa mfano, kwa hiyo hatuwapi majina. Lakini mambo yaliyowapata yaliwapata watu wengi katika mashamba ya mkonge ya Mkoa wa Tanga, katika miaka ya 1980 na 1990.

Palikuwa na ndugu wawili, kaka na mdogo wake. Walizaliwa katika kijiji kimoja cha Muheza. Wote wawili walikwenda Korogwe kufanya kazi katika shamba la mkonge.

Kaka alianza kwa kukata mkonge. Alikuwa na bidii, wala hakukosa kazini. Baada ya miaka kadhaa akafanywa mnyapara. Akapewa daftari la kuandika majina ya wafanyakazi. Akapewa nyumba bora kidogo katika kambi. Watu walimsalimu kwa heshima. Alijiambia, "Sasa nimefika."

Mdogo wake aliwekwa kiwandani, kwenye mashine ya kusindika mkonge. Katika mashamba ya mkonge mashine hiyo huitwa korona. Kazi yake ilikuwa kusogeza majani. Lakini kila mashine ilipoharibika, alikwenda kumshikia fundi spana. Alitazama, akauliza, akajaribu. Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa kaka yake.

Kila mwaka wakati wa likizo, mdogo alikwenda Muheza kumsaidia mkewe kupanda michungwa. Mwaka wa kwanza walipanda michache. Mwaka wa pili wakaongeza. Mkewe ndiye aliyeipalilia na kuilinda.

Siku moja mdogo alimwambia kaka yake, "Kaka, twende wote nyumbani likizo hii. Sehemu yako ya shamba la marehemu baba imeshakuwa pori."

Kaka akacheka. Akasema, "Mdogo wangu, mimi ni mnyapara. Nikalime nini? Shamba langu ni hili la mkonge. Halina msimu mbaya. Kila mwisho wa mwezi navuna."

Ilipita miaka. Kisha mambo yakabadilika. Mishahara ikaanza kuchelewa. Sehemu za shamba zikaachwa bila kupaliliwa. Mashine zikiharibika, vipuri havipatikani. Mwishowe barua zikatolewa. Kaka alipata yake. Mdogo alipata yake.

Kaka alikunja barua ile, akaiweka ndani ya daftari. Hakumwambia mtu. Kesho yake aliamka mapema kama kawaida. Akachukua daftari, akatoka. Hakuwa na majina ya kuita. Alikaa chini ya mti mbali na kambi mpaka saa za kazi zikaisha. Akarudi nyumbani, akapewa chakula, akala. Alifanya hivyo kwa siku 9.

Mkewe alikuwa amejifunza kusoma katika darasa la elimu ya watu wazima. Siku ya 10 alikuwa akifagia. Daftari likaanguka, na barua ikatoka. Akaisoma polepole, neno kwa neno. Barua ilisema kazi imekwisha. Ilitaja kiasi cha kiinua mgongo. Ilisema pia kwamba nyumba ya kambi irudishwe baada ya siku 60.

Jioni mume aliporudi, mkewe alimwekea barua mbele yake. Akamwambia, "Baba watoto, kwa nini umeubeba mzigo huu peke yako?"

Mume akainama. Akasema, "Mama watoto, nimeona aibu."

Mke akasema, "Aibu ya nini? Hukuiba. Lakini umetupotezea siku 9. Tulikuwa na siku 60. Sasa zimebaki 51."

Usiku ule walikaa na penseli, wakapiga hesabu. Kama wangeendelea kula na kutumia fedha kama zamani, kiinua mgongo kingewatosha miezi 4. Walikuwa na watoto 5. Nyumba haikuwa yao. Shamba la Muheza lilikuwa pori.

Ndugu msomaji, kaka huyu hakuwa mjinga. Alithamini mambo ambayo watu wengi huyathamini: mshahara wa uhakika, cheo na heshima. Lakini vitu hivyo vyote vilikuwa vya shamba la mkonge. Aliporudisha nyumba, aliviacha hapo hapo.

KWA NINI KAZI ZA MKONGE ZILIPUNGUA?

Wafanyakazi wengi walidhani kwamba mkonge hauwezi kufa. Walikuwa na sababu ya kudhani hivyo.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani aliyeitwa Richard Hindorf. Asili yake ni Mexico. Inaelezwa kwamba miche 1,000 ilisafirishwa, lakini iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache yalipatikana mashamba makubwa ya Tanga, Morogoro, Lindi na kwingineko.

Katika miaka ya 1950 mkonge uliajiri watu zaidi ya 100,000. Wengi walitoka mbali, hata Kigoma na Songea. Wengine walitoka nchi za jirani. Waliitwa manamba. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zipatazo 230,000 za mkonge. Hakuna nchi iliyotushinda.

Kisha viwanda vya nchi za nje vikaanza kutengeneza kamba za plastiki. Kamba hizo zilikuwa rahisi. Bei ya mkonge ikashuka. Mwaka 1967 serikali ilichukua mashamba mengi kutoka kwa kampuni binafsi. Yaliyofuata yalikuwa miaka ya shida. Bei ilikuwa mbaya, fedha za kupanda upya zilikosekana, na uendeshaji wa mashamba mengi haukuwa mzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilitoa karibu tani 20,000 tu. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya mavuno ya 1964.

Angalia sababu hizo. Kuna hata moja ambayo mkata mkonge angeweza kuizuia kwa bidii yake? Hakuna. Hata angekata mara mbili kila siku, asingezuia kamba za plastiki kutengenezwa.

SI MKONGE TU

Usidhani kwamba jambo hili lilikuwa la mkonge peke yake. Katika miaka ya 1990 mashirika mengi ya umma yaliuzwa au yalifungwa. Serikali nayo ilipunguza maelfu ya watumishi wake. Watu waliokuwa wakisema, "Kazi ya serikali haina mwisho," walipata barua kama wengine.

Kiwanda cha matairi cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha kazi mwaka 2009. Mwaka 2017 serikali ilizuia kusafirisha mchanga wa madini nje ya nchi. Baadaye mwaka huo huo mgodi wa Bulyanhulu ulipunguza shughuli zake, na wafanyakazi wengi wakapoteza kazi. Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa korona. Watalii hawakuja. Watu wa hoteli na waongoza watalii wa Arusha na Zanzibar wakakaa nyumbani.

Sababu zinatofautiana. Mara ni bei, mara ni mashine mpya, mara ni uamuzi wa serikali, mara ni ugonjwa. Kwa mfanyakazi matokeo ni yale yale.

Tena, anayeumia si yule aliyepewa barua tu. Aliyebaki kazini naye hubadilika. Akiona wenzake wanaondoka, huanza kuogopa. Mmoja huogopa hata kuomba likizo. Mwingine huacha kufikiri juu ya cheo, akaanza kutafuta kiwanja kijijini. Watoto nao huona. Mtoto mmoja akimwona baba yake amepunguzwa husema, "Mimi sitaajiriwa kamwe." Mwingine husema, "Mimi nitatafuta kazi ya serikali tu, haifi." Wote wawili wanapanga maisha kwa hofu. Hofu humwonya mtu, lakini haimwonyeshi njia.

UNATHAMINI NINI KATIKA KAZI?

Kabla ya kupanga kazi yako au ya mtoto wako, jiulize: nathamini nini? Watu hawafanani.

Mmoja anathamini fedha nyingi. Mwingine anathamini uhakika, hata kama fedha ni kidogo. Yuko anayethamini heshima na cheo. Yuko anayetaka kukaa karibu na wazazi wake. Yuko anayependa kujitawala, asiamriwe na mtu. Mwingine anataka kujifunza ujuzi. Mwingine anapenda kuhudumia watu, kama muuguzi na mwalimu.

Hakuna thamani iliyo mbaya hapa. Ubaya ni kuchagua kazi bila kujua unachokitafuta. Ubaya mwingine ni kuweka thamani zako zote katika kapu la mwajiri.

Sasa gawa mambo hayo katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni vitu vinavyobaki kazini siku ukiondoka. Navyo ni cheo, nyumba ya kazini, gari la kazini na mshahara wa mwezi ujao.

Fungu la pili ni vitu unavyoondoka navyo. Navyo ni ujuzi wa mikono yako na wa kichwa chako, cheti, akiba, shamba lako, nyumba yako, na jina lako jema kwa watu.

Mwenye busara hutumia fungu la kwanza kujenga fungu la pili. Hutumia mshahara kupata shamba. Hutumia nafasi ya kazi kupata ujuzi. Hivyo ndivyo alivyofanya yule mdogo. Mshahara wake ulikuwa mdogo, lakini kila mwaka sehemu yake iligeuka michungwa.

HESABU YA KIINUA MGONGO

Wengine husema, "Nikipunguzwa, si nitapewa kiinua mgongo?" Haya, tupige hesabu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatumika Tanzania Bara. Inasema kwamba mfanyakazi aliyepunguzwa alipwe angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka mzima alioutumikia. Miaka inayohesabiwa haizidi 10. Ili kulipwa, awe ametumikia angalau miezi 12 mfululizo.

Tuseme mtu anapata shilingi 260,000 kwa mwezi, na anafanya kazi siku 6 kwa wiki. Mshahara wake wa siku moja ni shilingi 10,000. Mshahara wa siku 7 ni shilingi 70,000. Tuseme amefanya kazi miaka 12. Tunahesabu miaka 10 tu. Basi 70,000 mara 10 ni shilingi 700,000.

Sasa, kama nyumbani kwake wanatumia shilingi 5,000 kwa siku, fedha hiyo itakwisha baada ya siku 140. Hizo hazifiki miezi 5. Hapo hatujahesabu ada, sare wala ugonjwa.

Zipo fedha nyingine anazostahili. Tutazitaja hapa chini. Lakini hesabu hii inatufundisha kwamba kiinua mgongo ni daraja. Kinakuvusha kutoka kazi moja hadi nyingine. Usijenge juu ya daraja, ukadhani umefika ng'ambo.

IJUE HAKI YAKO

Mfanyakazi asiyejua haki yake hupunjwa. Yashike mambo haya.

1. Mwajiri hawezi kuamka asubuhi na kuwafukuza watu kwa kusema tu kwamba anapunguza. Sheria inamtaka atoe taarifa ya nia yake mapema. Aeleze sababu. Ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe. Wajadili njia za kuepuka kupunguza watu, namna ya kuchagua watakaopunguzwa, na malipo yao.

2. Anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya siku zisizopungua 28, au alipwe fedha badala ya notisi.

3. Alipwe mshahara wa siku alizofanya kazi na likizo ambayo hakuichukua. Apewe cheti cha utumishi. Kama aliajiriwa mbali na alipofukuzwa kazi, sheria ina kifungu juu ya kumsafirisha kurudi alikoajiriwa.

4. Akiona ameachishwa kazi isivyo haki, apeleke malalamiko yake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku ni 30 tu tangu kuachishwa. Kumbuka yule mnyapara aliyepoteza siku 9 chini ya mti. Siku zina thamani.

5. Mfanyakazi wa sekta binafsi aandikishwe katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Michango yote ni asilimia 20 ya mshahara. Mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10, na mwajiri hulipa iliyobaki. Usingoje kupunguzwa ndipo uulize kama michango inafika. Nenda ukaulize sasa. Uliza pia juu ya fao la kukosa ajira na masharti yake.

Weka barua ya ajira na hati zote za mshahara mahali pakavu. Karatasi hizo ndizo shahidi wako. Na kama hujui kusoma vizuri, usiweke kidole gumba kwenye karatasi mpaka umesomewa na mtu unayemwamini.

NDUGU WALE WALIISHIAJE?

Turudi kwa wale ndugu wawili.

Mdogo alirudi Muheza. Michungwa ilikuwa imeanza kuzaa. Haikumtajirisha, lakini watoto hawakulala na njaa. Ujuzi alioupata kwa kumshikia fundi spana ulimsaidia pia. Alianza kutengeneza mashine za kusaga nafaka katika vijiji vya jirani. Hakuwa na cheti, lakini watu waliijua kazi yake.

Siku hizi mtu kama yeye anaweza kwenda VETA akapimwa ujuzi wake. Akifaulu hupewa cheti, hata kama alijifunza kazi kwa kuitazama na kuifanya. Wako mafundi wengi vijijini ambao hawajui nafasi hiyo. Ukiwa mmojawapo, ulizia.

Kaka naye alikwenda kwa mdogo wake. Alikwenda kwa kusitasita, kwa sababu alikumbuka jinsi alivyocheka. Mdogo wake hakumcheka. Alimwambia, "Kaka, karibu nyumbani. Lile pori bado ni lako. Kesho tutaanza kulifyeka."

Walilima mahindi na muhogo. Kaka aliona uchungu kwa muda mrefu. Kila asubuhi alikuwa akisikiliza kengele ambayo haikuwepo.

Kuanzia mwaka 1999 lilikuja jambo jipya. Wakulima wadogo walianza kugawiwa ardhi ya kulima mkonge katika baadhi ya mashamba makubwa ya Korogwe, kama vile Hale, Mwelya, Magoma, Ngombezi na Magunga. Kaka alisikia habari hizo. Kwanza akasema, "Mkonge umenitupa. Siutaki."

Mkewe akamjibu, "Baba watoto, aliyekutupa ni mwajiri. Mkonge unaujua kuliko watu wote hapa. Unajua kupanga mistari. Unajua wakati wa kupalilia. Unajua jani lililokomaa. Nani alikunyang'anya hayo?"

Maneno hayo yalimwingia. Alikuwa amehesabu vitu alivyopoteza, lakini hakuwa amehesabu vile alivyoondoka navyo. Akaomba shamba, akapata.

Safari hii hakufanya kosa la zamani. Alijua kwamba mkonge huchukua miaka 3 hivi kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Kwa hiyo alipanda mahindi na maharage kati ya mistari, wakati mkonge ungali mdogo. Alijua pia kwamba bei ya mkonge hupanda na kushuka. Kwa hiyo shamba la Muheza hakuliacha.

MTOTO AKISEMA, "NATAKA KUAJIRIWA"

Huenda sasa unasema, "Basi mwanangu asiajiriwe, abaki kulima." La, hatusemi hivyo. Kilimo nacho kina siku zake mbaya. Mvua hukosa, bei huanguka, wadudu huja. Nchi inahitaji wauguzi, mafundi, walimu na madereva. Usimkatishe tamaa kijana anayetaka kuajiriwa. Msaidie kupanga.

Kaa naye jioni moja, umwulize maswali haya:

"Mwanangu, unataka nini katika kazi hiyo?" Mwache ajibu. Usimjibie. Huenda wewe unathamini mshahara, na yeye anathamini ujuzi.

"Kazi hiyo ikifungwa, ujuzi wake utafaa mahali pengine?" Fundi umeme anaweza kufanya kazi mgodini, mjini na kijijini. Lakini anayejua kubonyeza kitufe kimoja cha mashine moja ana shida mashine hiyo ikiondolewa.

"Kila mwezi utaweka nini pembeni?" Hata kidogo kinatosha kuanzia. Anayeweka shilingi 1,000 kila siku ya kazi, siku 26 kwa mwezi, baada ya mwaka ana shilingi 312,000. Anaweza kuziweka benki, au katika chama cha akiba na mikopo kinachoaminika.

"Huku nyumbani utaacha nini?" Kijana anayekwenda mbali asikate mzizi. Apande miti, hata kama ni michache. Akiwa na haki ya shamba, habari hiyo ijulikane kwa ndugu na kwa Halmashauri ya Kijiji. Na hili ni la watoto wa kike pia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi.

Na neno la mwisho kwa wazazi. Mtoto akirudi nyumbani kwa sababu amepunguzwa kazi, usimpokee kwa maneno ya kuumiza. Usiseme, "Umeshindwa na mji." Huenda naye amekaa chini ya mti siku 9 kabla ya kuja kwako. Mpe maji. Mpe kiti. Kisha chukueni penseli mpige hesabu pamoja: nini kimebaki kule, na nini amekuja nacho.

KWA KIFUPI

Kazi ya mshahara ni nzuri, lakini inaweza kwisha bila kosa lako. Kabla ya kuichagua, jua unachokithamini. Ukiwa nayo, tumia mshahara kujenga vitu utakavyoondoka navyo: ujuzi, akiba, shamba na jina jema. Jua haki zako, na utunze karatasi zako. Na barua ikija, usiifiche. Isome na wenzako nyumbani siku ile ile.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Nasi tunaongeza: ujuzi nao hauozi.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI AU KIJIJINI

1. Kwa nini yule kaka aliona aibu? Je, alikuwa na sababu ya kuona aibu?

2. Mke alimsaidiaje mumewe kwa sababu ya kujua kusoma na kuhesabu?

3. Taja vitu vitatu ambavyo mfanyakazi huviacha kazini, na vitatu ambavyo huondoka navyo.

4. Mtu anapata shilingi 20,000 kwa siku. Amefanya kazi miaka 6, kisha akapunguzwa. Kwa siku 7 za kila mwaka, kiinua mgongo chake kisipungue shilingi ngapi?

5. Katika kijiji chenu wako watu waliorudi baada ya kupunguzwa kazi? Wana ujuzi gani ambao kijiji hakijautumia?

Jibu la swali la 4: shilingi 840,000.